Kuogelea, Baskeli, Mbio na Kisigino Changu

Siku ya Idi ya Kuchinja mwaka 2022, tulipotoka kusali, watu wasiopungua kumi waliniuliza mbona nachechemea. Niliwajibu wote jawabu moja, kwamba nimeteleza ngazini nyumbani. Sasa Kamati ya kitabu chetu imeniomba niandike kurasa mbili tatu juu ya mazoezi na chakula, kwa kuwa mimi ndiye mzee pekee katika jamaa zetu wa hapa Uingereza aliyejitia katika mchezo huu wa vijana. Nimekubali kwa sharti moja, nalo ni kuwa nianze kwa kuwatoa watu wale kumi katika uongo niliowaingiza. Sikuteleza. Ngazi ile haina kosa, na mbele mtaona kwamba nina deni kwake. Kisigino kilikuwa kikiniuma tangu mwezi wa Machi, nami nikikificha kwa sababu wengi wenu mlikwisha kunichangia.

Mtakumbuka kwamba fedha zile, paundi 860 kwa jumla, zilikuwa za vitabu vya skuli yetu ya Jumamosi. Mliahidi, kila mtu kwa uwezo wake, kwamba mimi nikimaliza mashindano, nanyi mtatoa. Wengine hamkungoja nimalize, mkatoa papo hapo. Mashindano sikuyamaliza, wala sikuyaanza. Minong'ono iliyofuata naijua, na siwalaumu waliosema.

Nieleze kwanza mchezo wenyewe ni kitu gani, maana shangazi yangu mpaka leo anaamini ni mashindano ya baskeli za magurudumu matatu. Jina lake ni traiathloni: mtu huogelea, akitoka majini hupanda baskeli, akishuka kwenye baskeli hukimbia kwa miguu, na saa haisimami hata anapovaa viatu. Si mchezo wa kale. Mashindano ya kwanza kuitwa kwa jina hilo yalifanyika San Diego, Marekani, mwezi wa Septemba 1974. Mwezi wa Februari 1978, katika kisiwa cha Oahu huko Hawaii, wanaume 15 waliingia katika mashindano marefu kuliko yote yaliyojulikana wakati ule: kuogelea kilomita 3.8, baskeli kilomita 180, kisha kukimbia kilomita 42, wakamaliza 12. Mchezo ukaingia katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 kwa umbali wa kilomita moja na nusu majini, 40 kwa baskeli na 10 kwa miguu. Sisi wa umri wangu tuna umbali wetu wa kuanzia, mita 750, kilomita 20 na kilomita 5, na msiudharau.

Sikuingia humo kwa kupenda sifa. Mwaka 2021, nikiwa na miaka 54, daktari alinipima sukari kwa kile kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi miwili mitatu iliyopita, akapata 44. Kwa hesabu za nchi hii, 42 hadi 47 ni mpakani, na 48 ni kisukari chenyewe. Wengi wenu mlimjua marehemu mama. Mnajua ulipokwenda mguu wake. Nilitoka kwa daktari nikakaa ndani ya gari bila ya kuliwasha kwa muda mrefu.

Aliyenivuta ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kijana aliyezaliwa hapa hapa, ambaye Kiswahili chake ni cha kuombea chakula na kuamkia wakubwa. Yeye ndiye aliyekuwa akishindana. Aliniambia, "Mjomba, wewe si unasema ulikuwa unaogelea Forodhani? Si una baskeli? Basi viwili unavyo, bado kimoja." Nami nilidhani kweli viwili ninavyo. Nani katika sisi tuliokulia Mjini hakujirusha ukutani Forodhani maji yakijaa? Na baskeli ya baba, Raleigh nyeusi, niliipanda hadi Bububu na kurudi kabla miguu yangu haijafika vizuri kwenye pedali.

Basi nikaenda naye kwenye bwawa la manispaa. Nikaogelea upana mmoja. Mpwa wangu akanitazama kwa adabu, akasema, "Mjomba, huku siko kuogelea, huku ni kusalimia watu." Maana sisi huogelea vichwa nje, tukitazama kulia na kushoto kama tunaotafuta jamaa gatini. Kumbe kichwa kikiinuka, miguu huzama, na miguu ikizama mtu huwa anakokota nanga yake mwenyewe. Ilinichukua miezi minne kujifunza kuweka uso majini, kutoa pumzi humo humo polepole, na kugeuza kichwa upande ili kuvuta nyingine. Kwa mtu wa miaka hamsini na kitu hilo ni somo la unyenyekevu. Mwalimu wangu alikuwa binti wa miaka 19, na kila Jumanne nilimeza maji mbele yake.

Ziwa ni habari nyingine. Karibu na Slough liko ziwa la Dorney, lililochimbwa kwa ajili ya mashindano ya makasia, lenye urefu wa mita 2,200, na ndiko yalikofanyika makasia ya Olimpiki ya 2012. Hapo ndipo tuliponuia kushindana. Maji yake hayafanani na ya kwetu: ni meusi, hayana chumvi ya kukubeba, na mwezi wa Mei yana baridi ya kukata maneno. Mtu huvaa suti ya mpira mwili mzima. Lakini hata ukivaa, maji yanapogusa uso na kifua pumzi hukatika, ukahema kama mtu aliyefukuzwa na mbwa. Wengi hutishika hapo wakadhani moyo umesimama. Dawa yake ni kutokuanza kuogelea. Ingia taratibu, shika mahali au lala chali uelee, ungoje dakika moja au mbili. Pumzi hurudi yenyewe. Baada ya hapo ndipo uanze. Wala usiingie ziwani peke yako, hata ukiwa mtoto wa nahodha.

Hayo ya maji nimeyaeleza kwa urefu kwa kuwa nilijifunza kwa subira, na kwa hivyo hayakunidhuru. Lililonidhuru ni lile nililodhani halina elimu, yaani kukimbia.

Mwezi wa Februari 2022 nilikuwa nakimbia kilomita 8 kwa wiki. Mwishoni mwa Machi nilikuwa nimefika 34. Hakuna aliyenilazimisha. Mapafu yalikubali, moyo ulikubali, uzito ulikuwa ukishuka, na kila wiki nilipoandika hesabu yangu kwenye daftari nilijiona kijana. Jambo nisilolijua ni kwamba moyo na mapafu huzoea kazi mpya kwa wiki chache, lakini kano, ile kamba ya nyama ngumu inayoshikanisha msuli na mfupa, haina damu nyingi, na huimarika kwa miezi. Kano ya nyuma ya kisigino, ambayo wengi wetu huiita mshipa wa nyuma, ndiyo nene kuliko zote mwilini, na katika mbio hubeba uzito wa mtu mara kadhaa kwa kila hatua. Mimi wakati ule nilikuwa na kilo 84. Hesabu hiyo nawaachia.

Maumivu yalianza kwa hila. Asubuhi nikishuka kitandani hatua kumi za kwanza zilikuwa ngumu, kama mtu aliyefungwa uzi nyuma ya mguu. Nikifika jikoni pamelegea. Nikianza kukimbia pananiuma robo saa, halafu maumivu yanaondoka kabisa, nami nasema alhamdulillahi, kumbe ni ubaridi tu. Jioni yanarudi. Kesho yake hatua kumi zinakuwa ishirini. Nataka mwenye kusoma hapa asimame kidogo: maumivu ya kano huondoka ukipata joto, na huko kuondoka siko kupona. Kipimo cha kweli ni asubuhi ya pili yake, mguu unapogusa sakafu.

Ikaingia Ramadhani, tarehe 2 Aprili. Saumu ya mwezi ule hapa kwetu ilikuwa ya saa kama kumi na tano, nami nilikuwa zamu ya usiku uwanja wa ndege. Mtu mwenye akili angepunguza. Mimi nilikuwa nakimbia saa moja kabla ya futari, mkavu, halafu nafuturu kama niliyetoka jangwani: sambusa, kaimati, mkate wa mofa, mchuzi, mbatata, na uji juu yake. Nalala saa nne, na siku nyingine tatu. Sasa najua kwamba usingizi ni sehemu ya mazoezi kama baskeli ilivyo sehemu ya mazoezi; mwili hujitengeneza mtu akiwa amelala, na asiyelala hubomoa tu. Mwaka uliofuata, katika Ramadhani, nilibadilisha mambo: mwendo mwepesi wa dakika thelathini kabla ya futari, na mazoezi yenye uzito baada ya tarawehe au nikayaacha. Sikupoteza kitu.

Kwa kuwa nimefika kwenye chakula niseme nilichojifunza, maana hapa ndipo ninapoulizwa sana, khasa na akina mama.

Jambo la kwanza ni kwamba wanga si adui. Wali, mkate, mhogo, ndizi, mbatata, hivi vyote vikiingia mwilini huwa sukari, na sukari ndiyo mafuta ya taa ya misuli. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, na ndiyo maana mazoezi hutufaa sisi wa mpakani. Kosa letu ni kula wali wa mkulima na kufanya kazi ya kukaa. Siku ya mazoezi marefu nakula wali wangu bila ya haya. Siku ya kupumzika sahani nusu ni mboga, robo samaki au kunde, na robo wali. Mke wangu alidhani namsema upishi wake na tukanuniana siku mbili.

Jambo la pili ni chakula cha njiani. Mazoezi yasiyofika saa moja hayataki chochote ila maji. Yakizidi hapo, wataalamu hupendekeza gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa, na kwa yale ya saa nyingi hadi 90, mradi iwe ni mchanganyiko wa sukari za aina mbili, kwa kuwa kila moja hupitia mlango wake tumboni. Madukani huuza vijaluba vya uji mtamu wa kunyonya kwa bei ya kufedhehesha. Basi tende sukari yake ni za aina hizo hizo mbili, karibu nusu kwa nusu, na tende moja kubwa ya medjool ina wanga wa gramu kama 18. Mimi hutoa kokwa nyumbani, nikazifunga tende tatu katika karatasi, nazo zinanitosha saa moja ya baskeli. Haluwa nilijaribu pia. Ladha sina la kusema, lakini ilishika usukani, breki na miwani, na nyuki wa Berkshire wote walipata habari. Kadhalika msije mkasema nimewaambia wenye kisukari wale tende kwa saa. Nasema juu ya mtu aliyeko juu ya baskeli, anayezichoma papo hapo. Na mwenye kutumia dawa za sukari azungumze na daktari wake kwanza, maana mazoezi huweza kuishusha sukari chini mno.

Halafu nyama na samaki. Mtu mwenye mazoezi huhitaji protini gramu 1.2 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, naye afadhali aigawe katika milo yote kuliko kuila yote usiku. Dagaa, maharage, choroko, mayai, mtindi, vyote vipo madukani kwetu. Hakuna haja ya kununua makopo ya unga.

Na maji. Wakubwa wetu walisema kunywa kwa kiu, na sasa wataalamu wengi wamerudi kwenye neno hilo. Walipopimwa wakimbiaji 488 katika mbio za Boston za mwaka 2002, asilimia 13 walikutwa chumvi ya damu imeshuka kupita kiasi, na waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliokunywa maji mengi hata wakamaliza mbio wakiwa wazito kuliko walivyoanza. Lakini joto nalo si mchezo. Mwezi wa Septemba 2016 huko Cozumel, Mexico, Jonathan Brownlee, kijana wa Yorkshire, alikuwa akiongoza mashindano ya mwisho ya msimu, na kwenye mita mia chache za mwisho miguu ikamvunjika kwa joto akawa anayumba kama mlevi. Kaka yake Alistair aliyekuwa nyuma yake aliacha nafasi ya kushinda, akamkamata mkono begani, akamkokota hadi kwenye mstari, akamsukuma avuke mbele yake. Mama yangu angewapenda vijana wale.

Huyu Alistair ana uhusiano na kisigino changu. Mapema mwaka 2012, miezi michache kabla ya Olimpiki ya London, alichanika kano ya kisigino. Hakulala kitandani, alijizoeza ndani ya maji, ambamo mguu haubebi uzito, akaendelea kuogelea na baskeli, na tarehe 7 Agosti mwaka huo huo akachukua dhahabu katika Hyde Park, na mdogo wake shaba. Mpwa wangu alinisimulia kisa hicho mwezi wa Juni, bila ya kujua kwamba anamsimulia mgonjwa. Nami nikafahamu nilichotaka kufahamu, kwamba bingwa alishindana na kisigino kibovu. Sehemu ya miezi ya matibabu ikanipita masikioni.

Niliyoyafanya badala ya matibabu ni haya. Nilitia barafu. Nilimeza vidonge vya maumivu kabla ya kukimbia, jambo baya kuliko yote, kwani nilikuwa nimeizima kengele na nyumba inaungua. Nilikandwa na shangazi kwa mafuta ya karafuu, nikamwambia ni uchovu. Niliuvuta mguu ukutani kila asubuhi hadi machozi. Ile kanuni ya kupumzika na kutia barafu tuliyofundishwa sote ilitolewa mwaka 1978 na daktari wa Marekani, Gabe Mirkin. Baadaye yeye mwenyewe aliandika kwamba barafu na mapumziko kamili huweza kuchelewesha kupona. Mimi barafu nilitia lakini sikupumzika, basi sikufuata kanuni ya zamani wala ya sasa.

Aliyenigundua ni dada yangu. Ilikuwa siku mbili baada ya Idi. Alikuja nyumbani kuchukua sufuria zake, akanikuta nashuka ngazi kinyumenyume, nimeshika ukuta. Akauliza. Nikamwambia ni kiatu kipya kinanibana. Hakunijibu kwa muda. Yeye ndiye aliyerudi Unguja kumuuguza mama, sisi wengine tukituma fedha. Akaweka sufuria chini, akasema, "Mama naye alisema ni kiatu."

Kwa wasioijua habari hiyo: kidonda cha mama kilianza kisiginoni, kidogo kama sarafu. Alikificha wiki sita chini ya kanga kwa kuwa hakutaka kutushughulisha sisi tulio mbali. Kila tulipopiga simu alisema yu mzima. Kilipoonekana kilikuwa kimekwisha fika kwenye mfupa.

Najua kano si kidonda, wala yangu haikuwa ya kufa mtu. Lakini kesho yake nilikwenda kwa mtaalamu wa tiba ya viungo.

Alinibonyeza, akapata pale panapouma, vidole vitatu juu ya kisigino, ambapo kano imevimba kama fundo la kamba. Alifurahi, maana fundo la katikati hutibika kwa urahisi kuliko la chini kabisa, kano inapoingia mfupani. Akanihadithia habari ya daktari wa Uswidi, Håkan Alfredson, ambaye alikuwa mkimbiaji mwenye ugonjwa huu huu. Aliomba apasuliwe, mkuu wake akakataa kwa sababu asingekuwepo kazini. Ndipo, kwa hasira, akaamua kuitesa kano mpaka ikatike, ili apasuliwe kwa lazima. Akawa anasimama ukingoni mwa ngazi na kukishusha kisigino kwa uzito wake wote, kila siku, na maumivu juu ya maumivu. Badala ya kukatika, kano ikapona. Akawapa wakimbiaji 15 mazoezi hayo kwa wiki 12, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 1998 ni kwamba wote 15 walirudi kukimbia kama zamani. Si kila mtu baada ya hapo amepona kama wale, lakini mpaka leo dawa ya kwanza ya kano hii ni kuipa mzigo kwa kipimo, wala si kuilaza.

Yanafanywa hivi. Simama juu ya ngazi kwa ncha za miguu, shika ukuta. Panda kwa mguu mzima, kisha uhamishe uzito kwenye mguu mgonjwa na kukishusha kisigino polepole hadi chini ya usawa wa ngazi. Mara 15, goti likiwa limenyooka. Rudia mafungu matatu. Halafu mafungu matatu mengine goti likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, siku saba, wiki 12. Ukijumlisha ni mara 180 kwa siku. Mwenye maumivu chini kabisa mfupani asishuke chini ya usawa wa ngazi, aishie sakafuni. Maumivu yakiwa ya wastani, tuseme hayazidi tano katika kumi, na asubuhi yake yasiwe yamezidi, endelea, yakizidi, punguza. Kuogelea na baskeli sikukatazwa. Sindano za kupunguza uvimbe ndani ya kano hii nilionywa nisizikubali, kwani huweza kuidhoofisha hata ikakatika. Na mtu akisikia mlio nyuma ya mguu, akageuka kutazama nani aliyempiga teke na asione mtu, hiyo imekatika, na aende hospitali siku hiyo hiyo.

Nilijitoa katika mashindano zikiwa zimebaki siku tisa. Siku yenyewe nilikwenda Dorney nikashika taulo na viatu vya mpwa wangu. Alipotoka majini hakunitazama, na alikuwa na haki ya kufanya hivyo, kwa maana alikuwa na haraka. Lakini mimi nilidhani ni kwa ajili ya uongo wangu. Jumamosi iliyofuata nilisimama mbele ya wazazi skulini, nikasema nimejitoa kwa kisigino, na kwamba anayetaka fedha yake nitamrudishia. Kuhusu miezi minne ya kuficha sikusema neno. Hayo nayasema leo. Wawili walichukua fedha zao, nami niliwapa kutoka mfukoni mwangu, na vitabu vikanunuliwa kama ilivyopangwa.

Wiki 12 zilikuwa 20 kwangu. Nikarudi kukimbia kwa kukimbia dakika moja na kutembea dakika mbili, kama mtoto, na daftari la kilomita nikampa mpwa wangu alishike yeye. Kiangazi cha 2023 nilishindana Dorney bila ya kumwambia mtu ila dada yangu na mke wangu, ambaye alipouona mzigo wangu aliuliza, "Bwana, unakwenda kuogelea au unahama?" Majini dakika 22, baskeli 47, miguu 36, na kubadilisha nguo dakika saba, kwa sababu suti ilikataa kutoka kisiginoni. Jumla saa 1 na dakika 52. Katika umri wangu nilikuwa wa tatu kutoka mwisho. Mpwa wangu alikwisha oga na kula aliponipokea, akaniambia, "Shikamoo, Mjomba," kwa Kiswahili safi kabisa.

Sukari yangu mara ya mwisho ilikuwa 40. Kisigino bado ni kigumu asubuhi za baridi, hatua tatu au nne, na mazoezi ya ngazi naendelea nayo mara tatu kwa wiki, sasa na mkoba wa mchele wa kilo kumi mgongoni. Zulia la ngazi ya tatu limeliwa kabisa. Mke wangu ameniwekea bili yake juu ya meza.

Jumapili saa moja asubuhi, kuanzia mwezi wa Mei, tunakuwapo ziwani watu wanne. Anayetaka kuja aje na taulo na suti ya kuazima. Chai ya tangawizi naleta mimi. Na kama kuna mahali panamuuma, aniambie kabla hatujaingia majini.